Nilinyoosha mkono kuuliza fedha za msitu, nikauliza pampu ya kisima

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi na mume wangu na watoto wetu watatu kijijini, mkoa wa Lindi. Kijiji sikitaji, na hata ukikitambua kwa maelezo yangu nakuomba usikitaje. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea. Nalima ufuta na muhogo, na nyumbani nina cherehani.

Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nilichaguliwa kuwa mjumbe wa halmashauri ya kijiji, upande wa nafasi za wanawake. Sikuikimbilia nafasi hiyo. Walionisukuma nichukue fomu ni wenzangu wa kikundi cha hisa. Tuko wanawake 28, mimi ndiye mweka hazina, na kila Jumamosi sanduku likifunguliwa kwa zile funguo tatu mimi ndiye ninayewasomea hesabu. Wakasema, kama huku unaweza, na kule utaweza.

Kijiji chetu kina msitu wa hifadhi wa kijiji. Tunauza miti kwa mpango: mninga, mkongo, mpingo kidogo. Mnunuzi anakuja, miti inachaguliwa, inakatwa, inapimwa, magogo yanapigwa alama kwa nyundo, fedha inaingia akaunti ya kijiji. Kwa fedha hiyo tumeshajenga nyumba ya mwalimu na kuchimba kisima cha pampu. Safari hii mkutano mkuu ulikubaliana tujenge chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Mimi mtoto wangu wa pili nilimzalia njiani, kando ya pikipiki, tukiwa tunakwenda kituo cha afya kilicho kilomita 19. Kwa hiyo chumba hicho kwangu mimi si jambo la kwenye makaratasi.

Mwezi wa Agosti katibu wa kamati ya maliasili aliumwa. Daftari la mauzo ya miti lilikuwa limelowa maji, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka nikaombwa nilinakili kwenye daftari jipya. Nikaandika mstari kwa mstari. Jumla ikaja mita za ujazo 62. Wiki tatu baadaye taarifa ya mapato ikasomwa kwenye halmashauri ya kijiji: mita 41. Nikadhani sikusikia vizuri. Nikarudi nyumbani, watoto walipolala nikajumlisha tena kwa taa ya sola, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. 62.

Sasa Shangazi, hapa ndipo penye mwiba. Mwenyekiti wa kijiji ni baba yangu mdogo. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na huyu ndiye aliyenilea. Aliuza mbuzi wake kunilipia ada. Siku ya ndoa yangu yeye ndiye aliyekuwa walii wangu. Mpaka leo nikipika pilau, sahani yake inatangulia. Sijawahi kumjibu hata siku moja.

Ulipofika mkutano mkuu wa Septemba niliandika swali langu kwenye karatasi: “Naomba tusomewe mita zilizouzwa kwa kila mnunuzi.” Maneno saba tu. Nilikaa chini ya mwembe na wenzangu, nimeishika karatasi mpaka ikalowa jasho. Baba mdogo akauliza nani ana swali. Nikanyoosha mkono. Akanitazama, akatabasamu, akasema: “Haya mwanangu, sema.”

Nikasimama. Miguu ikawa si yangu, ulimi ukakauka, halafu nikasikia sauti inauliza ni lini pampu ya kisima itatengenezwa. Ilikuwa sauti yangu. Watu wakapiga makofi, kwa sababu pampu kweli ilikuwa mbovu. Wiki ileile ikatengenezwa. Tangu siku hiyo nikipita kisimani wananishukuru, na kila anayenishukuru ananichoma.

Nilimweleza mume wangu. Akasema, “Mama Zuhura, sisi tuna duka hapa, tuna watoto hapa, makaburi ya wazee wetu yako hapa. Ukimwaibisha baba yako mbele ya watu, utakwenda kuishi wapi?” Mama yangu akasema kwa ufupi tu: siri ya mtungi aijuaye kata. Vijana wa kijiweni nao wameshanusa jambo. Mmoja, mtoto wa jirani yetu, ameniomba nipige picha ukurasa wa jumla nimtumie, aiweke kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Anasema jina langu halitatajwa. Mwandiko ni wangu, Shangazi. Nani asiyeujua?

Na kuna wanaosema eti siku moja nigombee udiwani. Nikisikia hivyo naona aibu. Mtu aliyeshindwa kusema maneno saba atasimama jukwaani? Wenye ujasiri nawaona, wanasimama na kusema bila kutetemeka. Mimi sikuumbwa hivyo. Nafikiria nijiuzulu, nafasi ichukuliwe na mwenye moyo.

Mkutano ujao ni Desemba. Nikinyamaza namsaliti nani, na nikisema namsaliti nani? Nisaidie, maana silali.

Mwenye Karatasi,
Lindi


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba.

Nilitaka kuendelea kwa kukuita mwanangu, ndivyo nilivyozoea kuwaita wanaoniandikia. Kisha nikakumbuka neno hilo lilikufanya nini chini ya ule mwembe. Kwa leo nitakuita mjumbe. Ndivyo kijiji kilivyokuchagua uitwe.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne niliisoma kwa sauti ili nisikie mzigo uko wapi hasa. Nilichosikia ni hiki: una hesabu mbili zisizolingana, una mzee uliyekula mkononi mwake tangu ukiwa mtoto, na una wasiwasi kwamba Mungu alikunyima kitu alichowapa wengine, hicho unachokiita moyo. Usiku yote hayo yanakujia kwa pamoja, ndiyo maana hulali. Ngoja tuyatenganishe kidogo.

Tuanze na hesabu. 62 na 41 ziko mbali, sitakuambia vingine. Mita 21 za mninga na mkongo ni fedha nyingi kwa kijiji. Lakini lile daftari ulilolinakili lilikuwa la nini hasa? La miti iliyopimwa msituni, au la miti iliyokwishalipiwa? Gogo linaweza kupimwa, kisha likapasuliwa na kukutwa lina uwazi ndani, mnunuzi akalikataa. Mnunuzi mwingine hulipa kwa awamu. Taarifa nayo inaweza kuwa ya robo mwaka mmoja, na daftari likawa la miezi minane. Je, uliangalia tarehe ya mstari wa kwanza na ya mstari wa mwisho? Siyasemi haya ili kumtetea mtu. Nayasema kwa sababu yaliwahi kunitokea mbele ya macho yangu.

Nilikuwa bibi maendeleo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwenye kijiji kimoja, ambacho nami sikitaji, mama mmoja alisimama mkutanoni akasema mweka hazina wa kamati ya ujenzi amekula fedha za bati. Alimtaja kwa jina. Miezi miwili baadaye bati zilikutwa kwenye stoo ya kata, na stakabadhi ilikuwa kwa mtumishi aliyehamishwa bila kukabidhi ofisi. Yule mama alikuwa na haki ya kuuliza, na fedha kweli ilikuwa haionekani. Kosa lilikuwa kwenye lile jina. Mweka hazina yule alisafishwa na kamati, lakini hakuwahi tena kukaa barazani kwa raha.

Na yapo ya upande wa pili, haya ni yangu mwenyewe. Kijiji kingine, nimeketi meza kuu, inasomwa hesabu ya choo cha shule. Nilijua mifuko ya saruji iliyosomwa haikufika, maana nilikuwepo siku gari linashusha. Nikajiambia mimi ni mgeni, si kazi yangu, watauliza wenyewe. Hawakuuliza. Choo kile kilibaki bila paa kwa miaka mitatu, na wasichana wa darasa la saba walikuwa wakienda vichakani. Kwa hiyo ukiniandikia kuhusu ulimi kukauka, unamwandikia mtu aliyewahi kukauka ulimi hata bila kuinua mkono.

Sasa nije kwa baba yako mdogo. Kuna mtu hayumo kabisa katika barua yako. Umemtaja mwenyekiti, katibu wa kamati, mumeo, mama yako, na kijana wa WhatsApp. Mtendaji wa kijiji hujamtaja hata mara moja. Mtendaji ni mtumishi aliyeajiriwa, ndiye katibu wa halmashauri ya kijiji na wa mkutano mkuu, na kumbukumbu za fedha ziko mikononi mwake. Kuna kamati ya fedha na mipango. Kuna watia saini wa akaunti. Kuna kamati ya maliasili yenyewe. Fedha ya kijiji hupita mikono mingi kabla ya kusomwa chini ya mwembe. Inawezekana baba yako mdogo ameyajua yote. Inawezekana pia anasoma karatasi aliyoandikiwa, na yeye ndiye wa kwanza kudanganywa. Katika mikono yote hiyo wewe umeona uso mmoja, labda kwa sababu ndio uso unaoupenda.

Lile swali lako la maneno saba nalo nimelitazama sana. Ukilisoma kana kwamba limeandikwa na mtu usiyemjua, utaona halina mwizi ndani yake. Ni ombi la kusomewa. Sheria ya Serikali za Mitaa, ile Namba 7 ya mwaka 1982, imeufanya mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefikisha miaka 18, kuwa chombo chenye mamlaka ya juu kabisa kijijini. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi hupaswa kusomwa hapo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyokipa kijiji nguvu ya kumiliki na kuvuna msitu wake. Kwa hiyo msitu ule si wa mwenyekiti wala si wa halmashauri. Ni wa waliokaa kwenye mikeka pamoja nawe. Katiba yetu, ibara ya 27, inamtaka kila mtu alinde mali inayomilikiwa kwa pamoja na wananchi. Kila mtu, mjumbe. Haikuwatoa mabinti wa wenyeviti. Wala haikusema walinde kwa kupiga kelele.

Kuna jambo umeliandika mwanzoni kabisa ukalipita kama mtu anayepita shamba la jirani. Kila Jumamosi unasimama mbele ya wanawake 28 na kusoma hesabu kwa sauti. Ukisema hujaumbiwa kusema mbele ya watu, Jumamosi anayesema ni nani? Natamani ungenieleza zaidi. Inakuwaje siku hesabu imepungua elfu nne? Nadhani mama mmoja anauliza, wewe unarudi nyuma kwenye daftari, mnatafuta, mnaipata au hamuipati, na hakuna anayerudi nyumbani akilia kwamba ametukanwa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Je, mliweka kufuli tatu kwa sababu miongoni mwenu kuna wezi? Naamini mliziweka ili mweka hazina alale usingizi.

Ndiyo maana sina hakika kwamba chini ya mwembe ulishindwa na watu. Nahisi ulishindwa na lile neno moja. Ulisimama ukiwa mjumbe, ukaitwa mwanangu, na aliyebaki amesimama akawa mtoto wa darasa la tano aliyefiwa na baba. Mtoto yule akauliza swali la adabu. Hakuna wa kumlaumu. Na kutetemeka unakokuonea aibu, hao unaowaona hawatetemeki wewe umewaona kwa mbali tu, hujawashika mikono.

Nisikuache bila kukutajia Bibi Titi Mohamed. Mwaka 1955 TANU ilipohitaji mwanamke wa kuongoza wanawake wake, haikumtoa chuoni wala ofisini. Alitoka kwenye ngoma, alikuwa mwimbaji aliyefahamika Dar es Salaam katika vikundi vya lelemama. Alipoanza kuwaita wanawake, aliwapitia viongozi wa vikundi hivyo hivyo vya ngoma, watu waliomjua sauti na waliozoea kumwitikia. Sauti iliyokuja kusikika nchi nzima ilikuwa imeshazoea kuitikiwa na wenzake. Mambo hayakumnyookea siku zote, mwaka 1965 alishindwa kwenye uchaguzi wa ubunge. Ninachokiona kwake, na nikikutazama wewe nakiona tena, ni kwamba hakupanda jukwaani peke yake. Wewe uliingia kwenye mkutano wa Septemba na karatasi ambayo hakuna mwenzako hata mmoja aliyekuwa ameisoma.

Haya, njia. Sitakuchagulia, kwa kuwa mwisho wa siku ni wewe utakayeamka kesho yake hapo kijijini, si mimi.

Unaweza kumwendea baba yako mdogo kabla ya Desemba. Hii ndiyo njia ambayo moyo wako unaitamani na kuiogopa kwa pamoja, na mimi naiona ni nzito kuliko zote, hivyo nitakaa hapa kidogo. Heshima ya kwetu inataka mzee asishtukizwe hadharani na mtoto aliyemlea. Ukimwendea, unampa nafasi ya kueleza, na kama wapo wanaomzunguka, unampa nafasi ya kujua. Hatari yake unaijua: kama amehusika, utakuwa umempa taarifa, na madaftari hupotea, hasa lile la zamani ambalo tayari limelowa. Kuna hatari nyingine iliyo ya upole zaidi, na hiyo ndiyo inayonitia wasiwasi. Anaweza kukuambia, “Niachie hili mwanangu, nitalishughulikia.” Utafanya nini na sentensi hiyo? Fikiria jibu kabla ya kubisha hodi, kwa sababu ukiwa umekaa mkekani kwake, chai mkononi, hutapata jibu. Wengine humchukua shangazi au mzee anayeaminiwa na pande zote, akakaa tu kimya awe shahidi. Je, kwenu yupo?

Wengine huanza ndani ya halmashauri ya kijiji. Wewe ni mjumbe, una haki ya kuomba daftari na taarifa viwekwe mezani pamoja, na swali lako liandikwe kwenye muhtasari. Muhtasari unabaki hata sauti ikitetemeka. Hatari yake ni kuzimwa mlemle ndani, au kuonekana umeanza kuchokonoa.

Unaweza kurudi mkutano mkuu, lakini safari hii swali likagawanywa. Mmoja akauliza mita ngapi zimeuzwa, mwingine wanunuzi walikuwa wangapi, wa tatu chumba cha kujifungulia kimefikia wapi. Si lazima wewe uwe wa kwanza, wala si lazima useme kabisa. Wenzako wa hisa wanajua kuuliza hesabu, umewafundisha mwenyewe kila wiki. Ila mkipanga, kuna watakaoliita njama, na kuna mwenzako mmoja atakayetoboa siri kabla ya siku. Pima ni nani wa kuambiwa.

Ipo pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Mwananchi anaandika barua ya kuomba taarifa, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Ukihesabu siku kutoka sasa mpaka Desemba, barua iliyoandikwa mapema inaweza kujibiwa kabla ya mkutano. Ni njia kavu, haina machozi, na kwa watu wa aina yako wenye mwandiko mzuri huwa inawafaa.

TAKUKURU wana namba 113, na tangu 2015 kuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ulinzi huo ni kwa anayetoa taarifa kwa nia njema kwenye mamlaka husika. Hata hivyo kijiji ni kidogo, na sheria haiwezi kuzuia watu kukisia. Ukipiga namba ile, jambo litatoka mikononi mwako, na huenda hicho ndicho unachokitaka, na huenda sicho.

Kuhusu picha ya WhatsApp, hapa nakuomba usimame kidogo, mjumbe. Kijana ana uchungu wa kijiji na simdharau. Lakini picha ya jumla bila maelezo inaweza kuwa nusu ya ukweli, na kundi la WhatsApp si mamlaka ya kupokea taarifa. Ikija kuonekana ile 62 ilikuwa ya miti iliyopimwa na si iliyouzwa, iko pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayohusu kusambaza taarifa zisizo za kweli. Na umeshasema mwenyewe, mwandiko utakutaja. Kama kijana anataka kusaidia, mwombe aje mkutanoni akae mbele. Vijana kujaa mkutanoni ni msaada ambao hauhitaji intaneti.

Kunyamaza Desemba nako ni njia, usidhani nakukataza. Kuna wakati mtu hunyamaza ili akusanye tarehe na stakabadhi aulize Machi akiwa na uhakika. Na kuna wakati hunyamaza kwa sababu amechoka. Kwa nje vinafanana, wewe tu utajua ni kipi. Ukinyamaza, jiulize mwanamke wa kwanza kubebwa kwa pikipiki kwenda kilomita 19 baada ya Desemba atakuwa nani, na kama utaweza kumsalimia. Hilo nalisema kwa uchungu wa choo kile cha shule, na si kukutisha.

Kujiuzulu umekuandika kama kitu cha heshima, nafasi ichukuliwe na mwenye moyo. Je, unamjua huyo mwenye moyo? Yupo miongoni mwa wanawake waliochaguliwa pamoja nawe, na ameshaliona daftari?

Mumeo usimwone mwoga. Anaogopa vitu vinavyoshikika: duka, majirani, makaburi. Ila sina hakika kama umemsomea hesabu yenyewe. Ulimweleza jambo, lakini je, ulimkalisha na taa ya sola, ukamwonyesha mstari kwa mstari? Ungeanza kwa kumpa yeye nafasi ya kuuliza maswali magumu, zile tarehe, zile awamu. Ukiweza kulisema kwake bila sauti kupotea, utakuwa umeshalisema mara moja. Usimwombe ruhusa kwanza. Mwombe asikilize, kisha muulize anaogopa nini hasa, kwa majina.

Na mama yako. Amekupa methali ili unyamaze, nami namheshimu, anayalinda malezi yako. Lakini nimekaa na methali ile jioni nzima. Siri ya mtungi aijuaye kata, kweli. Hapo kwenu aliyeingia ndani ya mtungi akagusa chini ni wewe, kwa kalamu yako mwenyewe. Kata ndiyo wewe. Na kata, mjumbe, tunaiweka juu ya mtungi ili ichote. Muulize mama, kwa upole, kama alipoisema alikuwa amefika hapo.

Uliuliza ukisema utamsaliti nani. Sijui kama kumtaka mzee asome mita mbele ya watu wake ni kumsaliti. Pengine siku moja, wewe ukiwa diwani au hujawa, mtoto uliyemlea atakusimamishia swali la namna hiyo. Utapenda akufanyeje? Jibu lako la kweli, hata kama ni “ningependa aje nyumbani kwanza”, litakuonyesha mlango wa kuanzia.

Na nikukumbushe ya pampu. Uliuliza hadharani, ndani ya wiki ikatengenezwa. Wanaokushukuru kisimani wape mkono, hawakukosea. Walisikia mjumbe wao anauliza, na maji yakatoka.

Karatasi yako usiitupe. Jumamosi hii, kabla sanduku halijafungwa, mpe mwenzako mmoja unayemwamini aisome kwa sauti, ili kwa mara ya kwanza uyasikie maneno yale saba yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Halafu niandikie baada ya Desemba, hata kama utakuwa umeuliza tena habari za pampu.

Shangazi